Kuvu Juu ya Dari

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Septemba, mwaka 1994, chumba cha phonie kilichokuwa nyuma ya soko kuu la Likasi kilijaa watu hata pakakosekana ukuta wa kuegemea. Simu za mji zilikuwa zimenyamaza. Nyaya zake zilikwisha kukatwa na kuuzwa, na aliyetaka kuzungumza na ndugu yake wa mbali hakuwa na njia nyingine isipokuwa redio ya Symphorien, yenye betri ya lori chini ya meza na kipaza sauti kilichozungushiwa kitambaa chekundu. Ubaya wa phonie ulikuwa mmoja: kila neno lililosemwa pale lilisikiwa na foleni nzima.

Mbele ya kipaza sauti aliketi Danielle, mshonaji wa miaka ishirini na sita, binti wa mtaa wa Panda. Alivaa kitenge cha samawati iliyoiva chenye maua ya manjano, na blauzi aliyoishona mwenyewe, iliyomkaa kiunoni pasipo kumvunjia heshima. Alikuwa akimweleza yaya yake, yaani dada yake mkubwa, Jenny, aliyeolewa Kalemie, kwamba daktari amesema kifua cha mama yao hakitavumilia msimu mwingine wa mvua chini ya dari ile. Boriti za paa zilikuwa zimeota kuvu, kuvu ilikuwa ikimwaga vumbi lake kitandani, na mama alikohoa hata akashindwa kumaliza Salamu Maria moja. Ama nyumba isafishwe kabla ya mvua za Oktoba, ama mama ahamishwe.

Sauti ya Jenny ilitoka redioni ikikwaruza, ikimalizia, kama ilivyo desturi ya phonie, kwa à toi, yaani zamu yako. "Basi umulete huku. Na weye ukuje naye, ukae. À toi."

"Yaya, kazi yangu iko hapa. À toi."

"Kazi yako ni mama. À toi."

Danielle alichezea kitambaa chekundu cha kipaza sauti. Symphorien akamkumbusha kwa upole kwamba betri haina subira, naye akasema atafikiri, akainuka. Hapo mtu aliyesimama nyuma yake akamuuliza, kwa sauti ya mtu aulizaye habari za kazini, kama kuvu ya boriti hizo ni nyeusi ao ya kijani.

Foleni yote iligeuka. Aliyeuliza alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye shati lililopauka kwa kufuliwa lakini lililopigwa pasi hata mikunjo yake ikasimama. Mikono yake, kuanzia vifundoni hadi viwikoni, ilikuwa na makovu meupe, madogo kama punje za chumvi.

"Papa, ulikuwa unasikiliza?" aliuliza Danielle.

"Hapa nani hasikilize? Hata jirani ya yaya yako kule Kalemie amesikia."

Watu walicheka. Danielle hakutaka kucheka, akacheka. Alijibu kwamba ni nyeusi kama masizi. Kwamba ukiipangusa kwa kitambaa hutoka, na nyuma ya juma moja hurudi.

"Basi haijakula mbao bado," alisema mwanamume yule. "Iko juu tu. Minye naweza kuiondoa."

Symphorien aliwaomba wakafungie uchumba wao inje, kwa maana pale watu hulipia dakika. Wakatoka, mmoja akiona haya na mwingine akisahau kwamba yeye mwenyewe alikuja kupiga phonie na hajapiga.

Jina lake lilikuwa Casimir. Kwa miaka tisa alikuwa fundi wa kupiga mchanga kiwandani: alishika mpira wa kompresa akasafisha matangi na mabehewa mpaka chuma kikang'aa, na makovu ya mikononi aliyapata huko. Kazi ilipolala, alibaki na ufundi usiokuwa na mahali. Lakini aliwahi kupelekwa Koni kusafisha vyuma vya mitambo ya umeme, na huko fundi mmoja mzee alimwonyesha kwamba vyuma laini havipigwi mchanga, hupigwa soda, ile bikaboneti ya kuumulia maandazi. Mchanga hung'ata kile unachokipiga. Punje ya soda hujivunja yenyewe, ikaondoka na uchafu, ikaacha kilicho chini yake. Casimir alijaribu soda hiyo juu ya mbao za mabenchi ya misheni ya Mulungwishi, na mabenchi yakatoka kama yaliyorandwa jana.

Kesho yake alifika Panda. Mama Georgette, mjane wa dereva wa treni, alimfungulia mlango wenye kufuli tatu na mnyororo. Hapo zamani alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Sasa nguo zilimning'inia, na rozari aliizungusha mkononi kama mtu apimaye pumzi zake. Alimtazama mgeni toka viatu mpaka kichwa, akamwambia binti yake kwa sauti ya kusikika kwamba fundi mwenye shati safi hivi ama hajui kazi ama anatafuta mke.

"Kazi naijua, Mama," alijibu Casimir. Hilo la pili hakulijibu.

Alipanda darini kwa ngazi. Humo alikuta giza na joto lenye unyevu, kama ndani ya chungu kilichofunikwa. Aligonga kila boriti kwa nyundo akaisikiliza. Alichoma kwa msumari, na msumari ukagota kwenye mbao ngumu. Kisha akatambaa mpaka kwenye ukingo wa paa, akapapasa mahali ambapo matundu ya hewa yalipaswa kuwa, akakuta matofali. Matundu yote kumi na mawili yalikuwa yamezibwa.

Aliposhuka aliuliza ni nani aliyeyaziba.

"Minye," alisema Mama Georgette, akijigusa kifua.

Nusu ya mtaa ilifanya hivyo baada ya uporaji wa mwaka 1991. Kwa jirani wa pili waporaji walipasua tundu la hewa, wakatambaa darini, wakatoboa dari, wakashuka chumbani mwa watu waliokuwa wamejifungia kwa kufuli. Tangu siku ile kila mwenye matofali aliziba matundu yake. Casimir alieleza, kwa heshima na kwa utaratibu, kwamba nyumba nayo hupumua: mvuke wa mbabula, yaani jiko la makaa, wa sufuria na wa pumzi za watu hupanda juu, usipopata pa kutokea hugota kwenye bati baridi, ukawa maji, ukadondokea boriti. Kusafisha kuvu na kuacha matundu yamezibwa ni kufua nguo na kuitandika matopeni.

Mama Georgette alikohoa kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Fungua. Lakini minye ndiye nalala chini yake."

Soda ilipatikana Mulungwishi, katika ghala la misheni: magunia saba yaliyopigwa na unyevu mpaka yakawa mawe, ambayo Casimir alipewa kwa sababu ya mabenchi. Kwa siku nne yeye na Danielle waliyatwanga kinuni uani, wakayaanika juu ya mashuka, wakayachekecha. Unga laini haukufaa, kwa kuwa huziba mdomo wa mpira. Walitafuta punje zilizo kama sukari. Danielle aliufahamu upesi ufundi huo, akaanza kumkosoa mwalimu wake.

"Hii yako ni ya maandazi," alisema, akimrudishia chekecheke.

"Basi kesho uniletee maandazi."

"Bibi yako atakupikia."

"Sina bibi. Sijaoa."

"Nilikuwa nauliza tu," alisema Danielle, na Casimir akajibu kwamba hakuuliza, alisema, na kwamba amesikia vizuri.

Danielle alimshonea Casimir kofia ya kuvaa mpaka mabegani, ya kitambaa cha gunia la unga kilichokunjwa mara mbili, yenye vioo vya miwani ya zamani mbele ya macho. Casimir alipoivaa, mama alisahau kifua chake akacheka, na kicheko kikamgharimu dakika tano za kikohozi. Danielle alimshika mgongo, akamtazama Casimir juu ya bega la mama yake, naye akaona machoni pake hofu ambayo utani wote wa siku zile ulikuwa umeifunika. Ikiwa kazi hii haitashika, angekwenda Kalemie, wala haikujulikana kama angerudi.

Kompresa iliazimwa kwa mpaka rangi wa magari. Umeme ulikuja asubuhi, siku moja ukija na siku mbili ukikataa, kwa hiyo kazi ya siku tatu ilichukua siku tisa. Mama Georgette alihamia kwa jirani yake, Clémentine, muuza vitumbua mwenye ulimi mwepesi, ambaye kaka yake alichoma chokaa huko Kakontwe. Casimir alifunika bustani ya mboga za lengalenga kwa turubai, kwa kuwa soda huchoma majani, akabomoa matofali ya matundu yote na kuweka wavu wa kuzuia popo, kisha akapanda. Mpira ulinguruma. Vumbi jeupe lilitoka kwenye matundu kama moshi wa nyumba iwakayo, na humo darini weusi ulianguka boriti baada ya boriti, ukiacha mbao za rangi ya asali. Alimfundisha Danielle kushika mpira: umbali wa mkono toka kiwiko mpaka kidole, mgandamizo mdogo, wala usisimame mahali pamoja. Walipomaliza, walifagia, wakapangusa kila ubao kwa kitambaa chenye maji, wakashuka weupe kama mizimu.

Danielle alitazama juu kupitia mlango wa dari. Alivuta hewa puani.

"Inanuka mbao," alisema. "Nilikuwa nimesahau kama nyumba yetu ina mbao."

Casimir alimwambia kwamba anaitwa Mulungwishi kusafisha mapaa ya mabweni, kazi ya majuma matatu, na kwamba akirudi atakuja pamoja na mjomba wake. Kila mtu katika Likasi anajua maana ya kijana kuja na mjomba wake. Danielle alimpangusa soda kwenye nyusi kwa ncha ya kitenge, akamwambia asichelewe, kwa maana mvua haina mjomba.

Kwa siku kumi mama, aliyekuwa amerudi nyumbani kwake, alilala vizuri, na kikohozi kilipungua. Siku ya kumi na moja, mchana, alipokuwa peke yake, alisikia kitu kikitembea juu ya dari. Alikaa kitandani, rozari mkononi, mpaka kikanyamaza. Kisha mwanamke yule aliyeshindwa kutembea mpaka kanisani bila kupumzika mara tatu alivuta ngazi, akapanda darini kidato baada ya kidato, akaziba matundu yote kumi na mawili kwa ndani. Aliposhuka, alirudisha ngazi mahali pake, akanawa uso, akawasha mbabula. Alikusudia kumwambia binti yake jioni ile. Jioni ilipofika akasema kesho.

Siku ya ishirini madoa yalirudi: vitone vyeusi kwenye boriti ya juu ya kitanda chake, kama pilipili manga iliyomwagika. Kikohozi kilirudi kabla ya madoa hayo.

Danielle alizunguka nyumba akatazama matundu kutoka inje. Aliona wavu, akaona giza nyuma ya wavu, wala hakuona tofali. Kwake hilo lilitosha. Akiwa amesimama hapo, Clémentine alimwita ukutani akamwambia, kwa huruma yenye kuuma, kwamba yeye tangu mwanzo alilifahamu lile vumbi. Amelelewa katika vumbi hilo. Ni chokaa ya Kakontwe. Magunia ya juu labda yalikuwa soda, lakini ya chini, nani aliyatazama? Chokaa hupaka weupe, haiui kitu. Na je, yule bwana yuko wapi sasa?

Danielle alijibu kwamba aliyatwanga yeye mwenyewe. Lakini alipokuwa njiani kwenda phonie alikumbuka kwamba alitwanga magunia matano tu. Mawili ya mwisho Casimir aliyaleta yakiwa yamekwisha kuchekechwa. Shaka ni kama maji ya bati bovu: hayahitaji tundu kubwa. Alipofika kwa Symphorien uso wake ulikuwa mkavu kama ubao.

Mulungwishi ilikuwa na phonie ya misheni. Casimir aliitwa, akaja mbio, hata kuhema kwake kulisikika.

"Danielle wangu, habari ya mama? À toi."

"Kuvu imerudi. À toi."

Redio ilikwaruza. "Imerudi wapi? À toi."

"Juu ya kitanda chake. Magunia mawili ya mwisho, uliweka nini ndani? À toi."

"Soda. Niliichekecha usiku sababu umeme ulikuwa unakuja asubuhi. Matundu iko wazi? À toi."

"Nimeyaangalia matundu. Minye nakuuliza magunia. Batu wanasema ni chokaa. À toi."

Foleni haikucheka safari hii. Ukimya uliotoka redioni ulikuwa mrefu kiasi kwamba Symphorien alisogeza mkono kuitazama betri.

"Batu wanasema," alisema Casimir. "Na weye unasema nini? À toi."

"Minye nasema mama yangu anakohoa damu tangu jana, na Alhamisi tunapanda treni. Usikuje na mjomba wako. Terminé."

Kwa desturi ya phonie, anayesema terminé hufunga mlango. Wa upande wa pili hana ruhusa ya kuongeza neno mpaka aitwe tena. Symphorien, ambaye hakuwahi kukosa utani, alikizima kipaza sauti pasipo kusema kitu. Danielle akapita katikati ya watu, nao wakampisha zaidi ya ilivyohitajika.

Jumanne alianza kufunga mizigo. Mama aliketi kwenye kiti cha kamba akimtazama. Nguo za Danielle ziliingia katika mfuko mmoja; za mama zilikuwa katika sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na vitenge vyake vya thamani, kumi na viwili, ambavyo marehemu mumewe alimletea kimoja kila mwaka kutoka safari za treni, na ambavyo hakuvivaa ila kwa ubatizo na maziko. Danielle alifungua sanduku. Alitoa blauzi, akatoa shuka, akafika kwenye bati tupu la chini.

"Mama, vitenge vyako viko wapi?"

Mama Georgette aligeuzia uso ukutani.

"Vimeibwa?"

"Havijaibwa."

Danielle alimtazama. Kisha, kwa utaratibu wa mtu anayeogopa kufika mahali anapokwenda, akavuta ngazi. Darini alikuta hewa ile ile ya chungu kilichofunikwa. Alitambaa mpaka tundu la kwanza, akaingiza mkono, akavuta. Kikatoka kitenge kilicholowa, chenye ndege wa kijani ambao sasa walikuwa na vichwa vyeusi. Katika tundu la pili, kingine. Alivivuta vyote, na kila kimoja alikifahamu: hiki cha mwaka aliopata komunyo ya kwanza, hiki cha mwaka wa mwisho wa baba. Kila alipovuta, hewa iliingia ikampiga usoni.

Alishuka navyo mikononi, akavilaza sakafuni.

"Nilisikia miguu," alisema mama yake.

"Ilikuwa paka, Mama."

"Mwaka wa tisini na moja, walipoingia kwa jirani, pia nilisema ni paka."

Danielle aliketi chini palepale. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira yake wala hakuiona. Aliuliza tu kwa nini hakusema, kwa nini alimwacha amtukane yule muntu mbele ya foleni nzima.

"Kila siku nilisema kesho," alijibu Mama Georgette. "Halafu Clémentine akaja kunihadithia kama umesema terminé. Nikaona imeisha. Nikasema, hata nikisema sasa, itamrudisha nani?" Alivuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena. "Mwanangu, minye nimeogopa miaka tatu. Nimechoka kuogopa, lakini sijui namna ya kuacha."

Jumatano asubuhi Danielle alikuwa wa kwanza kwa Symphorien, naye Symphorien akaita Mulungwishi mara tano. Mawingu ya mvua yalikuwa yamesimama juu ya vilima, na redio ilitoa kelele kama mafuta ya kukaangia. Mara ya sita sauti ya mgeni ilijibu kwamba fundi Casimir hayupo. Alipanda lori asubuhi ya jana na mfuko wake, wala hakusema anakwenda wapi.

Foleni ilikuwa imekwisha kujaa, na wengi wao ni wale wale. Danielle angeweza kusema asante na kuondoka. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Akirudi, mumuambie hivi. Danielle alimuita mwongo mbele ya batu. Sasa anasema mbele ya batu hao hao: soda ilikuwa soda. Matundu yalizibwa kwetu, na mukosaji ni minye, sababu niliulizwa niangalie, nikaangalia kwa inje. À toi."

"Tutamwambia," ilisema sauti ya mgeni, kisha kelele ikaimeza.

Alirudi Panda kwa miguu, akipanga kichwani jinsi ya kumwomba Jenny godoro la pili. Ukutani pa nyumba yao, ngazi ya mgeni ilikuwa imeegemezwa, na juu ya ngazi alisimama Casimir, shati likiwa na vumbi la lori, mkono wake ukiwa ndani ya tundu la hewa.

Hakushuka. Alisema, akilitazama tundu, "Sikuja kwa ajili yako. Nimekuja kwa ajili ya jina yangu. Ndani ya mji huu muntu akisema fundi anachanganya chokaa, hafanyi kazi tena."

"Najua."

"Tundu iko wazi. Basi sielewi. Kama iko wazi, kuvu ilirudi namna gani?"

Danielle alimwonyesha kamba ya nguo uani. Vitenge kumi na viwili vilikuwa vimeanikwa, vimefuliwa mara mbili, na weusi haukutoka. Casimir alivitazama kimoja kimoja, midomo yake ikihesabu. Akatazama paa, akahesabu matundu. Kisha akakaa juu ya kidato cha ngazi kama mtu aliyetua mzigo.

"Nimetoka kwa Symphorien," alisema Danielle. "Niliomba msamaha, lakini weye hukuwa kule. Basi naurudilia hapa. Nilikukosea."

"Nani alisikia?"

"Foleni yote."

"Na Clémentine?"

"Clémentine atakuwa amesikia wa kwanza."

Kona ya mdomo wa Casimir ilitikisika kidogo. Lakini wingu lilikuwa limefika juu ya Panda, na kufurahi kulikuwa bado na masharti. Alishuka, akaingia ndani, akaitazama boriti ya juu ya kitanda. Madoa yalikuwa ya juu juu. Soda ya akiba, nusu gunia, ingetosha mbao zile na si zaidi. Umeme? Danielle alibonyeza taa. Ikawaka nyekundu, kama isiyo na hakika. Mpaka rangi aliombwa, kompresa ikaletwa kwa mkokoteni, na katika saa mbili za umeme wa mashaka Casimir alipiga soda, Danielle akishika mpira nyuma yake, wote wawili wakiufuatia mlio wa mashini kama wagonjwa wanaofuatia mapigo ya moyo. Boriti ya mwisho ilikuwa imebaki urefu wa mkono taa ilipozimika. Huo urefu wa mkono waliusugua kwa kitambaa na soda, magoti juu ya mbao.

Waliposhuka, Mama Georgette alikuwa amesimama chini ya ngazi.

"Imetoka?" aliuliza.

"Imetoka, Mama," alisema Casimir. "Lakini weye ndiye utaamua kama itabaki inje. Matundu yakizibwa tena, nyuma ya majuma mawili tunarudi hapa, na minye sina soda. Nitakutilia nondo ya chuma kwa kila tundu. Muntu hapiti."

"Kwa jirani pia kulikuwa nondo. Waliipinda tu, wakang'oa." Mama alitikisa kichwa. "Nondo haikohoi, mwanangu. Mwizi anaogopa nyumba yenye mwanaume anakohoa ndani. Miaka tatu hapa anakohoa mwanamke peke yake."

Casimir alisema kwa adabu kwamba hawezi kulala katika nyumba ya binti ambaye hajamwoa.

"Nani alikuambia ulale mbele ya kuoa? Minye nauliza, mjomba wako iko wapi?"

"Iko Kikula, Mama. Nilimwambia asikuje. Niliambiwa asikuje."

Wote wawili walimtazama Danielle. Alikuwa ameketi kwenye kidato cha chini, mweupe kwa soda toka nywele mpaka vidole vya miguu, macho yake tu yakiwa na rangi yake.

"Mnanioza kwa sababu ya matundu kumi na mawili," alisema. "Minye mwenyewe sijaulizwa."

"Nilikuuliza mwezi wa tisa."

"Ulisema utakuja na mjomba. Kuuliza si hiyo."

Casimir alivua kofia ya gunia. Alijaribu kupangusa uso kwa mkono, akauongezea weupe. Tone la kwanza la mvua lilipiga bati, likafuatwa na la pili, kisha la kumi.

"Danielle," alisema, "unakubali kuolewa na muntu uliyemwita mwongo mbele ya foleni?"

"Nakubali kuolewa na muntu niliyemkosea mbele ya foleni," alijibu. "Na daktari akikataa, akisema mama aende Kalemie?"

"Basi nitakwenda Kalemie kufungua matundu ya yaya yako."

Mvua ilishuka kwa nguvu. Humo darini, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, upepo wake ulipita kutoka tundu hadi tundu ukileta harufu ya udongo uliolowa, ukashuka kwenye mlango wa dari ukawafikia wote watatu. Kitu kilitembea juu ya mabati, kizito kidogo, kikasimama, kikaendelea. Danielle alimtazama mama yake. Mama Georgette aliinua uso kusikiliza, vidole vyake vikikaza upindo wa kitenge. Alijifunika shuka mabegani, akakohoa mara moja, wala hakuomba matundu yazibwe.